Kibao Kitatundikwa Wapi? Mjadala wa MDF na mbao katika upepo wa Mtwapa

Anayevuka daraja la Mtwapa akitoka Mombasa huanza kusoma kabla hajashuka garini. Duka la dawa, kinyozi, madrasa, kanisa, mkahawa wa samaki, nyumba za kupanga kwa mwezi au kwa usiku mmoja: kila mlango una jina, na kila jina limeandikwa juu ya kitu. Mengi yako juu ya bati au plastiki iliyochapishwa. Lakini mwenye kutaka jina lake lipendeze, liwe na herufi zilizozama au zilizoinuka, lizungukwe na maua ya kuchonga na kupakwa rangi, bado humwendea fundi. Na fundi wa leo ana chaguo ambalo waliomtangulia hawakuwa nalo. Badala ya ubao wa mvule au mwarobaini, anaweza kuchukua bamba la nyuzi zilizoshindiliwa, lile ambalo maduka ya vifaa vya ujenzi huliita MDF. Ubishi juu ya bamba hili huishia pabaya kwa urahisi: mmoja anaitwa mzee aliyepitwa na wakati, mwingine anaitwa mlaghai. Wote wawili wanastahili kusikilizwa vizuri zaidi ya hivyo. Kwa hiyo nimezipanga hoja katika sauti tatu: ya kijana mwenye mashine ya kuchonga, ya mzee mchongaji, na ya mama mwenye nyumba za wageni. Hawa si watu fulani. Ni hoja zilizopewa vinywa ili zijibizane.

Msimamo wangu nautangaza mapema ili msomaji aupime njia nzima. MDF ni bamba zuri, na katika ufuo huu wa bahari ni bamba la ndani ya nyumba. Kosa linalowagombanisha mafundi na wateja halianzi kwenye bamba lenyewe wala kwenye mashine. Linaanzia pale kazi inapopokelewa bila mtu kuuliza: kibao hiki kitatundikwa wapi? Swali hilo likiulizwa kwanza, nusu ya ubishi inakwisha, kwa sababu jibu lake ndilo linalochagua ubao, rangi, skrubu na hata bei. Lisipoulizwa, fundi hodari kuliko wote atatoa kazi itakayomfedhehesha baada ya masika moja.

Tuanze kwa kukijua kitu chenyewe. MDF hutengenezwa kwa kusaga mbao, nyingi zikiwa mabaki ya viwanda na miti ya kupandwa, mpaka zibaki nyuzi laini kama pamba. Nyuzi hizo huchanganywa na gundi, ambayo mara nyingi ni ya yurea na fomaldehaidi, zikatandazwa, kisha zikabanwa kwa joto na nguvu kubwa mpaka ziwe bamba moja. Ilianza kutengenezwa kibiashara nchini Marekani katika miaka ya 1960, ikiwafuata ndugu zake wakubwa, yale mabamba magumu na membamba ya nyuzi yaliyovumbuliwa na William Mason huko Mississippi katika miaka ya 1920. Bamba la kawaida lina futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440. La unene wa milimita 18 lina uzito unaokaribia kilo 40, na kutoka humo fundi anaweza kukata vibao 16 vya sentimita 60 kwa 30, karibu bila kupoteza kitu. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini bamba hili limependwa.

Kijana mwenye mashine ndiye anayeanza, na anaanza kwa heshima. "Mzee wangu, mimi siudharau mkono wako," anasema. "Lakini mbao ina mkondo wa nyuzi, ina vifundo, ina mahali pagumu na mahali pororo. Nikichonga herufi ndogo, kile kipande cha katikati ya 'a' au 'o' kinakatika na kuruka, kwa sababu nyuzi zake ni fupi mno kujishikilia. MDF haina mkondo. Patasi ikienda kushoto au kulia, juu au chini, ni sawasawa. Inapokea msasa mpaka inakuwa kama kioo, na rangi inakaa juu yake bila alama za mbao kujitokeza. Mteja akitaka aya ya Kurani kwa khati nyembamba, au jina la mtoto lenye vipepeo, namtolea leo leo, na bei anaimudu. Kuna ubaya gani katika hilo?"

Hakuna ubaya, na mjadala wa haki hauna budi kumkubalia yote aliyosema, kwa maana yote ni kweli. Mbao ni mabomba mengi membamba yaliyofungwa pamoja kwa urefu. Ni imara sana kwa urefu huo, na hupasuka kirahisi ukiyatenganisha kwa ubavu. Ndiyo sababu mchongaji wa mbao hutumia miaka kujifunza kusoma mkondo kabla ya kuinua nyundo, na ndiyo sababu kazi yake ni ghali. MDF imeuondoa mkondo, na pamoja nao imeondoa kizuizi kilichowaweka nje ya kazi hii vijana wasio na mwalimu. Kwa ubao wa majina ya maharusi utakaosimama ukumbini usiku mmoja, kwa aya itakayotundikwa sebuleni, kwa orodha ya vyakula ndani ya mkahawa, kwa ngao za washindi shuleni, kwa jina juu ya kitanda cha mtoto, bamba hili linatosha na kuzidi. Kutumia mvule kwa ubao wa harusi ya usiku mmoja kungekuwa kuufuja mti.

Mzee mchongaji hajapinga mpaka hapo. Anauliza jambo moja tu: "Na kile kibao cha barabarani, mwanangu, chenye jina la nyumba, kinachotazama kusi ikivuma na mvua ikipiga ubavuni, hicho nacho umekitoa katika bamba lile lile?" Hapa ndipo ushahidi unapogeuka upande. Bamba la MDF halina ugumu mmoja kutoka uso mpaka uso. Linapobanwa kiwandani, nyuzi zilizo karibu na sahani za moto hushindiliwa zaidi, zikafanya ngozi nzito juu na chini. Katikati hubaki nyepesi na yenye vinyweleo. Ngozi hiyo ndiyo inayolilinda bamba. Fundi anapolisimamisha kama rafu ya kabati, ngozi inabaki nzima na kingo chache tu ndizo zilizo wazi. Anapolichonga, anafanya kinyume chake: anaikata ngozi kwa makusudi, herufi baada ya herufi, akiufungua moyo mwepesi wa bamba kwa hewa na maji. Kadiri nakshi inavyokuwa nzuri na ya kina, ndivyo milango ya maji inavyoongezeka. Kwa maneno mengine, kazi ile ile inayomfanya mteja alipe ndiyo inayolidhoofisha bamba, na jambo hilo hakuna ustadi wa mkono unaoweza kulibadilisha.

Maji yakishaingia, kinachofuata si kama kinachoipata mbao. Mbao hunywa unyevu ikatanuka kidogo kwa upana, kisha hukauka ikarudi. Hupumua pamoja na majira, na fundi mzoefu huiachia nafasi ya kupumua. Nyuzi za MDF zilibanwa kwa nguvu na kulazimishwa kulala. Maji yanazikomboa. Zinavimba, zinaisukuma gundi, na jua likirudi hazirudi zilipokuwa. Viwango vya Ulaya vinavyotumiwa kupima mabamba haya, EN 622-5, vinakubali kwamba bamba la kawaida la milimita 18 likizamishwa majini saa 24 linaweza kuvimba mpaka asilimia 12 ya unene wake. Hiyo ni zaidi ya milimita 2. Kwenye herufi iliyochongwa kina cha milimita 4 au 5, milimita 2 za uvimbe si kasoro ndogo. Ni herufi iliyopoteza ukingo wake, rangi iliyopasuka, na kibao kinachoonekana kimelowa hata siku ya jua.

Na Mtwapa haikosi maji. Hewa ya ukanda huu, kutoka Mombasa hadi Malindi, hubeba unyevu wa zaidi ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya mwaka mzima Mombasa hupita milimita 1,000, na Mei ndio mwezi wake mzito kuliko yote, kusi ikiisukuma mvua hiyo kwenye kuta na chini ya vipenu. Vuli hurudia jambo hilo kwa upole zaidi. Baina ya mvua na mvua kuna chumvi, ambayo huvuta unyevu na kula misumari ya chuma. Kuna pia mchwa, ambao hawabagui kati ya nyuzi zilizosagwa na nyuzi zilizoota. Mtu akiamua kubuni jaribio la kuishinda MDF, hataongeza mengi juu ya yale ambayo ukuta unaotazama bahari tayari unayo.

Kijana hakubali haraka, na ana haki ya kutokubali. "Mzee, hilo ni kosa la mpakaji. Mimi napaka praima, napaka rangi ya mafuta mikono miwili, namalizia na vanishi. Maji yatapita wapi?" Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wake, na inastahili jibu lenye uzito. Ni kweli kwamba rangi nzuri hurefusha maisha ya kibao. Lakini rangi ikiwa bado majimaji huukimbia ukingo mkali. Hujivuta kuelekea kwenye uso tambarare, ikaacha utando mwembamba kabisa pale herufi inapokunjika, mahali pale pale ambapo moyo wa bamba uko wazi. Kingo hizo pia hunywa praima kama sponji, kwa hiyo mikono miwili juu ya uso ni sawa na mkono mmoja ukingoni. Halafu kuna mgongo wa kibao, ambao mara nyingi hauonekani na kwa hiyo hupakwa kidogo au hauguswi. Upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine usinywe, kibao hupinda. Kuna matundu ya skrubu, ambayo hutobolewa baada ya rangi kukauka. Na kuna jua la kaskazi, linalochosha vanishi mpaka ipasuke nyufa zisizoonekana kwa jicho. Mbao yenye ufa mmoja katika rangi hupoteza rangi mahali hapo. MDF yenye ufa mmoja hunywa kutoka hapo na kuvimba chini ya rangi iliyobaki nzima, mpaka uvimbe wenyewe uipasue. Kwa hiyo kinga inayotakiwa ni ile isiyo na tundu hata moja, na isiyo na tundu miaka yote. Hakuna fundi mkweli anayeweza kuahidi hivyo kwa kitu kinachoning'inia nje.

Anayetaka kujaribu hata hivyo, pengine chini ya baraza pana ambako mvua haifiki, afanye kazi hiyo kwa adabu yake. Auzungushe kila ukingo wa herufi uwe na mviringo wa milimita 2 au 3 ili rangi ipate pa kushika. Azibe kingo na nakshi kwa gundi iliyochanganywa na maji au kwa praima nzito, apige msasa, azibe tena, mara tatu kabla ya rangi. Apake mgongo sawasawa na uso. Atoboe matundu ya skrubu kabla ya kupaka, ayajaze rangi, na atumie skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Aache nafasi kati ya kibao na ukuta ili hewa ipite nyuma. Akishafanya yote hayo atagundua kwamba saa alizookoa kwenye kuchonga amezirudisha kwenye kuziba. Bei rahisi ya bamba imekuwa nusu ya bei tu. Nusu nyingine imehamia kwenye kazi isiyoonekana.

Hapo huletwa jibu la rangi ya kijani. Kuna MDF ya kustahimili unyevu, ambayo viwanda vingi huitia rangi ya kijani ndani ili itambulike, na gundi yake huongezwa melamini. Ni bora kweli: kwa unene ule ule wa milimita 18, kiwango kile kile cha Ulaya huiruhusu kuvimba asilimia 8 badala ya 12. Lakini jina lake lisomwe kwa makini. Mazingira yenye unyevu yanayotajwa katika viwango hivyo ni ya ndani ya nyumba, kama jikoni au chooni, ambako hewa huzidi unyevu wa asilimia 85 kwa majuma machache tu ya mwaka. Ukuta wa nje wa Mtwapa haumo katika maelezo hayo. Kustahimili unyevu ni jambo moja, kustahimili mvua ni jingine, na anayeuza la kwanza kwa jina la pili anamdanganya mnunuzi hata kama yeye mwenyewe amedanganywa dukani. Yapo mabamba ya nyuzi yaliyotengenezwa kwa ajili ya nje, ambayo nyuzi zake zimebadilishwa kikemia zisinywe maji, kama Tricoya. Mabamba hayo yanathibitisha hoja: ili MDF ikae nje ilibidi ibuniwe upya, na bei yake haifanani tena na bei iliyomvuta mteja.

Mama mwenye nyumba za wageni amevumilia sana, na sasa anasema lake. "Wanangu, mnazungumza habari za moyo wa bamba, mimi nazungumza habari za mfuko. Wageni wangu wanakuja Desemba na Aprili. Sina pesa ya mbambakofi. Nikipata kibao kizuri kwa bei nafuu, kikiharibika nitaweka kingine." Hoja yake ni ya watu wengi, na ingekuwa dharau kumjibu kwa hotuba ya sanaa. Ajibiwe kwa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kibao cha MDF kinagharimu shilingi 3,000 na cha mwarobaini shilingi 7,000. Kama cha kwanza kinabadilishwa kila baada ya miaka 2 na cha pili kinakaa miaka 10 kwa kupakwa upya mara moja au mbili kwa shilingi 1,000, basi katika miaka hiyo 10 cha rahisi kimemla shilingi 15,000 na cha ghali hakijafika 10,000. Tarakimu hizi msomaji azibadilishe kwa bei za mtaa wake. Mwelekeo wake hautabadilika kirahisi. Tena, katika mwaka wa pili kibao cha MDF hakiko kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa miezi mingi kabla hakijaondolewa kinawaambia wageni, kwa herufi zilizovimba, kwamba mwenye nyumba hajali. Hasara hiyo haimo katika hesabu yoyote, na yeye ndiye anayeilipa.

Liko pia jambo linalozidi pesa. Kibao cha sentimita 120 kwa 60 cha bamba la milimita 18 kina uzito wa zaidi ya kilo 9. Bamba likivimba, skrubu hupoteza mshiko, kwa sababu nyuzi zilizokuwa zikiibana zimeachana. Kitu cha kilo 9 kinachoning'inia kwa skrubu iliyolegea juu ya njia ya watu ni hatari, na upepo wa kusi haubishi hodi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa kaunti. Ingefaa Kaunti ya Kilifi, inapotoa kibali cha kibao, iulize si ukubwa wake tu bali pia kimetengenezwa kwa kitu gani na kimefungwa kwa kitu gani.

Wengine huitetea MDF kwa jina la msitu: kila bamba la nyuzi, wanasema, ni mvule mmoja ulioachwa ukiwa hai. Hofu yao ina msingi. Biashara ya vinyago Kenya iliupunguza sana muhugu, mti ambao makazi yake makubwa ya Pwani ni Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi. Lakini jibu la wachongaji wenyewe kwa hofu hiyo halikuwa bamba la kiwandani. Lilikuwa mwarobaini. Wachongaji wa Malindi na Mombasa walihamia kwenye mti huo, pamoja na mwembe na mingine ya mashambani, na wakaonyesha kwamba vinyago vinaweza kutoka kwenye mti unaoota uani na kukua upesi. Mwarobaini hauliwi ovyo na wadudu, hupokea patasi vizuri, na gome lake, majani na mbegu zina kazi nyingine kabla haujafika karakanani. Mvinje nao umeenea katika mashamba ya ukanda huu, na machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mwendo mfupi kutoka Mtwapa, yalirudishiwa uhai kwa mti huo huo tangu René Haller alipoanza kuupanda mwaka 1971. Minazi iliyozeeka isiyozaa tena hutoa mbao ngumu kutoka sehemu ya nje ya shina. Kwa hiyo anayetaka kuulinda msitu hana haja ya kuchagua kati ya mvule na MDF. Shamba la jirani lina jibu la tatu, na pesa ya jibu hilo hubaki Kilifi.

Sasa ni zamu ya kumpinga mzee, kwa sababu naye ana hoja nisiyoweza kuipitisha. "MDF si kuchonga," anasema. "Kuchonga ni mbao. Hiyo nyingine ni kukata karatasi nene." Historia ya pwani hii haimuungi mkono. Pale Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14 na 15 ulio hatua chache kutoka ufuo wa Mtwapa, mikono ya mabingwa ilichonga matumbawe, si mbao, na maandishi ya Kiarabu yakawekwa juu ya kaburi. Katika nyumba za kale za Lamu, zidaka ukutani zilipambwa kwa nakshi za plasta. Na mwaka 2018, huko huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa mbao za plastiki iliyoyeyushwa kutoka takataka na kuchongwa kwa ustadi wa waunda majahazi. Mswahili amechonga jiwe, plasta, mbambakofi na plastiki. Sanaa yake haijakaa ndani ya mti mmoja. Imekaa katika kujua kila kitu kinavyokubali chombo na kinavyokabili bahari. Jicho lililochongwa na kupakwa rangi kwenye omo ya majahazi ya Lamu linaelekea mawimbi yenyewe, na waliolichonga walijua tangu mwanzo kwamba litakaa huko.

Kwa hiyo mzee amekosea anapokataa bamba, lakini kilicho chini ya hasira yake ni kweli, na vigango vinakieleza vizuri. Wagiriama huwasimamishia wafu wa chama cha Gohu nguzo za mbao ngumu, zilizochongwa pembetatu ndogo ndogo na kupakwa rangi, nazo huachwa mahali pake mpaka muda wenyewe uzichukue. Ni kazi za kuchonga na kupaka rangi zilizokusudiwa kukaa nje, katika Kilifi hii hii, na hakuna anayezisimamisha kwa mti usiokubali kukaa. Aliyechagua mti huo alikwisha kujibu swali la mahali kabla ya kushika shoka. Huo ndio urithi ambao mzee anaogopa utapotea, na woga wake ni wa haki. Anapaswa kuwafundisha vijana swali hilo, badala ya kuwafukuza kwa sababu ya bamba. Na kijana anapaswa kuketi na kulisikiliza, kwa sababu mashine yake itamchongea herufi yoyote lakini haitamwambia mvua inapiga kutoka upande gani.

Limebaki moja, na wote wawili huwa wanalipita haraka: vumbi. MDF ikikatwa kwa mashine hutoa unga mwepesi sana unaoelea muda mrefu na kuingia ndani ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mwaka 2004 likaiweka fomaldehaidi katika kundi hilo hilo. Joto na unyevu, ambavyo tunavyo kwa wingi, huiharakisha gundi ya yurea kuiachia gesi hiyo. Anayechonga mbao naye ana vumbi lake, kwa hiyo hili si fimbo ya kumpigia kijana peke yake. Lakini karakana ya mashine iliyofungwa kati ya kuta tatu za bati, isiyo na kifyonza vumbi, na kijana aliyejifunga kitambaa puani, si mahali pa kujivunia bei nafuu. Barakoa inayobana uso, kifyonza kilichounganishwa na mashine, na kukata mahali penye hewa inayopita ni sehemu ya gharama ya kibao. Ikiwa bei haiwezi kuvibeba hivyo, basi bei hiyo inalipwa na kifua cha fundi.

Nikizirudisha sauti tatu mezani, sioni haja ya yeyote kushindwa. Kijana aendelee na bamba lake kwa kila kitu kitakachokaa chini ya paa na ndani ya kuta. Huko ana haki, na kazi ni nyingi. Mzee aendelee na mwarobaini na mvule kwa kila kitu kitakachokutana na kusi. Na ziko kazi za pamoja ambazo kila mmoja peke yake hawezi kuzifanya vizuri hivyo: fremu ya mwarobaini yenye nakshi ya mkono kwa mlango wa nje, na ndani ya mlango huo huo orodha ya vyumba iliyochongwa kwa mashine, kwa herufi za aina moja. Mama mwenye nyumba za wageni ndiye atakayefaidika na mapatano hayo, maana ataacha kununua kibao kimoja mara tano.

Ninachowaomba mafundi wa Mtwapa ni kidogo, na kinaweza kuanza kesho asubuhi. Kabla ya kutaja bei, muulize mteja kibao kitatundikwa wapi, kinatazama upande gani, na kama kuna paa juu yake. Kisha, kazi ikikamilika, kigeuze kibao na uandike mgongoni kwa rangi isiyofutika: ubao gani, mwaka gani, na maneno "cha ndani" au "cha nje". Atakayekihamisha miaka mitano baadaye, pengine asiyemjua fundi wala mteja wa kwanza, atakuta jibu limemngoja nyuma ya jina.